Upana wa Vidole Vinne

Chuwajuyu, 10 Oktoba 1999

Anselmo wangu, mume wangu,

Nimeandika "mume wangu" halafu nikasimamisha kalamu nilitazame neno lenyewe. Ni zuri. Leo ni siku ya kumi na tisa tangu tufunge ndoa, na siku ya nane tangu upande lori la vitunguu la Tereso ukashuka pwani kupima magunia ya kahawa ya watu wengine. Zile siku kumi na moja za katikati ninazo zote. Naweza kukuambia ya nne tulikula nini na ya saba ulicheka mara ngapi.

Nakupenda kiasi kwamba jana, nikichambua maharage, nilitabasamu peke yangu. Mama yako akaniuliza kama nimeona mdudu. Nikamwambia hapana Mama, namuona Anselmo. Akasema, "Ni kitu kilekile. Endelea kuchambua."

Usidhani tunagombana. Tuna ubishi mmoja tu, nao ni wa chokaa. Kwetu Pakaqix tunachemsha mahindi kwa chokaa nyingi, ganda linatoka upesi, na chapati zinakuwa na rangi. Siku ya kwanza Mama alinyanyua chapati yangu kwenye mwanga wa mlango akasema, "Hii ina homa ya manjano." Sasa natia nusu ya kiganja, kama yeye. Lakini kwa mchuzi wa mbegu za maboga nimemshinda, mume wangu. Alijipakulia mara ya pili akidai hataki chungu kilale na kitu. Mara ya tatu hakudai chochote.

Sasa sikia jambo kubwa. Wazee wa udugu wa Mtakatifu Inés walikuja Jumatano. Umechaguliwa kubeba mshumaa mkuu kwenye sikukuu, Januari ishirini na moja. Nilitaka kuruka, ila nilikuwa na bakuli la uji mkononi. Kisha Mama akanieleza sharti, taratibu, kama anayeeleza habari za mvua. Mwanamume aliyeoa hutembea mbele ya maandamano akiwa amevaa shati alilofumiwa na mkewe. Bibi Bartola, mke wa mkuu wa udugu, husimama mlangoni mwa kanisa na kupitisha kidole gumba kwenye mshono wa kifuani ili atambue mkono uliofuma. Akikuta shati si la mke, mume anarudishwa nyuma kwa makapera kubeba fataki, na huyo mke anaitwa "mgeni wa nyumba" mpaka sikukuu nyingine.

Nikamjibu kwamba mimi si mgeni na nitafuma.

Kufuma najua tangu nina miaka minane. Lakini kwetu wanaume walihamia suruali na mashati ya dukani tangu enzi za babu, kwa hiyo nimefuma blauzi tu, na kifua cha mwanamume sikijui kwa hesabu ya nyuzi. (Kwa hesabu nyingine nakijua, na naanza kukisahau, kwa hiyo harakisha hiyo kahawa.) Nilitaka kutoa sandukuni shati lako la zamani, lile alilofuma dada yako Tomasa kabla hajaolewa, ili nipime. Mama akafunga mfuniko. "Shati lililovaliwa limelegea, linadanganya. Hesabu ninayo kichwani." Akanitajia: jozi mia mbili na thelathini na mbili za nyuzi kwa kila kipande, vipande viwili vya kushonwa katikati ya kifua, na mikono ya shati mbali. Nikaandika kiganjani kwa kalamu ya wino nisije nikasahau.

Vijiti vyake mwenyewe vya kufumia bado vinaning'inia darini, vimefungwa na ule mkanda wa kiunoni wa kukazia nyuzi, kama alivyoviacha alipofariki baba yako. Nilimuuliza kama atanisaidia kutanda nyuzi. Akasema kwamba miaka sita hajafunga mkanda kiunoni na hauhitaji, ana kiuno kingine cha kuangalia siku hizi, akanitazama cha kwangu. Nadhani ilikuwa sifa.

Wako kwa kila uzi,
Fidelia Cosigua de Julajuj
(naandika jina lote kwa sababu ni jipya)


Kambi ya wachumaji, 24 Oktoba 1999

Mama na Fidelia,

Barua imefika ikinuka vitunguu, nikaijua ni ya nyumbani kabla ya kuifungua. Mimi ni mzima. Nashinda kwenye mizani, naandika majina na uzito, kwa hiyo mikono yangu ni misafi kuliko ya wenzangu na wananiita Padri. Hapa tunapewa maharage yanayoogelea na chapati za mashine, nyembamba, unaweza kusomea barua ndani yake. Wanaume wa kwetu tuko wanne. Suruali zetu za kufuma tumeziweka, tunavaa za dukani, maana utomvu wa kahawa hautoki. Najiona kama mtu aliyeazima miguu.

Mama, nimefurahi kwa habari ya mshumaa. Baba aliubeba mara tatu, nakumbuka. Nitakuja Januari kumi na tisa, msimamizi amekubali. Usimsumbue Fidelia kwa chokaa. Msumbue kwa mengine.

Sehemu inayofuata ni ya Fidelia, airuke anapomsomea Mama.

Fidelia, ile siku ya nne tulikula vidagaa vya ziwa kwenye majani, na wewe ulikuwa na nyanya kidevuni, nami sikukuambia kwa makusudi ili niendelee kuitazama. Hesabu kifua changu unavyotaka. Ninapolala najiuliza kama upande wa kitanda ninaouacha wazi hapa unajulikana na wewe kule. Wenzangu wanasema nazungumza usingizini, na si habari za mizani.

Anselmo


Chuwajuyu, 7 Novemba 1999

Mwanangu Anselmo,

Anayeandika ni mkeo, anayesema ni mimi. Nimemwambia aandike kila neno, hata asilolipenda, na mwishoni atanisomea, na nikisikia limepungua neno nitaanza upya.

Barua yako alinisomea vizuri. Lakini karatasi ilikuwa ndefu kuliko maneno. Alisoma, akainamisha uso, akakunja karatasi. Nikamwambia soma ulichoruka. Akasema ni habari za hali ya hewa. Mwanangu, hali ya hewa ya huko ina joto.

Mkeo anaamka kabla yangu. Hilo ni jema. Anaimba akisaga, hilo silijui kama ni jema. Chokaa imekaa sawa. Siku ya wafu tulimpelekea baba yako boga la sukari, mahindi machanga na chapati za mkeo, tukakaa naye mpaka jua likawa kali. Hakulalamika.

Ameanza shati. Amefunga mtambo wake kwenye nguzo ya ukumbi, amekaa, amenyoosha mgongo kama mtu aliyefundishwa. Anapiga uzi kwa nguvu. Kitambaa chake kinakaza. Wa kwetu tunafuma laini zaidi. Sijasema kibaya, nimesema kinakaza. Andika hivyohivyo.

Kula. Ukipungua shati halitakukaa.

Mama yako, Marcela Bocel, ambaye hajui kusaini, kwa hiyo amechora msalaba

+

(Mume wangu, mimi ndiye ninayeongeza hapa chini na nimemwambia kwamba ninaongeza hali ya hewa. Nilijua kuhusu nyanya. Niliiacha.)


Chuwajuyu, 21 Novemba 1999

Anselmo,

Barua hii ni yako peke yako. Tereso nimemwambia akupe mkononi, na asipokukuta airudishe. Kaa chini kwanza.

Kipande cha kwanza kimekwisha. Mwezi mzima na siku tatu, asubuhi baada ya kusaga na mchana baada ya maharage. Ni kizuri, naomba ulijue hilo kabla sijaendelea. Mistari myekundu imenyooka kama mvua isiyo na upepo. Jana Mama alikwenda sokoni Sololá, nikafungua sanduku, nikalaza shati lako la zamani juu ya kitanda na kipande changu juu yake.

Kimezidi. Vidole vinne, Anselmo. Nimepima kwa vidole vyangu, halafu kwa vya jirani, ambaye nimemwambia ni mchezo. Vipande viwili ni vidole vinane. Mabega yatakufika kwenye viwiko, na mikono ya shati, ambayo niliifuma kwanza na imekutosha kabisa, itaanzia hapo kama ya mtu mwingine.

Nawe unajua kitambaa chetu. Upana uliofunga siku ya kwanza ndio upana wake milele. Siwezi kukikata, nani atakuja na mkasi mbele ya kitambaa kilichofumwa na pindo zake pande zote nne? Siwezi kukikunja ndani, Bibi Bartola ana gumba linalosikia punje ya chumvi.

Kosa ni langu, na nalijua lilipotoka. Siku ile ya kutanda nyuzi nilikuwa nahesabu jozi huku nakuwaza. Nikifika themanini nikakumbuka namna unavyovua kofia, nikarudi, nikafika mia na kumi nikakumbuka jambo jingine ambalo siliandiki. Hesabu ya Mama ilikuwa sahihi, niliiandika kiganjani. Aliyepotea ni mimi.

Sijalia. Nilikula chapati sita nikafikiri. Nimekificha kipande darini chini ya magunzi. Mama aliporudi aliniuliza mara moja tu, "Kiko wapi?" Nikasema nimekiweka mbali na moshi. Akanitazama, akaenda kulisha kuku ambao nilikuwa nimekwisha kuwalisha. Naogopa ameshuku.

Nitaanza upya na nitamaliza, niamini. Ila zimebaki siku sitini na moja, mahindi yanavunwa wiki ijayo, na ninahitaji siku thelathini na tatu kwa kila kipande. Hesabu hiyo naiweza hata nikikuwaza: zinapungua siku tano. Nitafuma nikiwa nasaga kama itabidi.

Nipe kifua chako kwenye uzi. Kizungushe, uufunge fundo, umpe Tereso. Na usimwambie Mama. Amenipa hesabu yake kwa imani, mimi nimeipoteza kwa mapenzi, na sitaki ajue kwamba mke uliyemletea hajui kufika mia mbili.

Wako, mpana kuliko nilivyokusudia,
Fidelia


Chuwajuyu, 23 Novemba 1999

Kwa Bwana Anselmo Julajuj Bocel, mwana mwema wa parokia hii,

Salamu katika jina la Mtakatifu Inés. Mimi ni Hilario, msimamizi wa sakristia, ninayeandika kwa ombi la mama yako mzazi, aliyefika hapa na mayai manne na kunitaka nile kiapo kwamba sitasema. Nimekula kiapo. Mayai nitayala baadaye. Maneno ya kuanzia hapa ni yake.

Mwanangu, nimekuja kwa Hilario kwa sababu jambo hili siwezi kulisemea kwenye mkono wa mkeo.

Amemaliza kipande. Nilikiona kabla hajakifungua mtamboni, nilipita nikielekea kuni nikakiona kimenyooka, nikasahau kuni. Nilikijua kile kipande. Kilikuwa kifua cha baba yako.

Kosa ni langu. Msichana aliniomba hesabu nikampa, bila kufikiri, kwa sababu nina hesabu moja tu. Miaka ishirini na mbili nilimfumia mtu mmoja. Alipokufa nilifunga vijiti, na wewe ukafumiwa na Tomasa, na hesabu ya Tomasa sikuwahi kuiuliza. Baba yako alikuwa mtu mpana. Wewe umetoka kwa ndugu zangu, mabega yenu ni ya watu wa kupita mlangoni bila kugusa.

Naye msichana alitaka kupima shati, nami nikafunga mfuniko. Nilimwambia hesabu ninayo kichwani.

Sasa amekificha. Anafikiri ni yeye aliyekosea. Jana usoni alikuwa mtu aliyekula jiwe, lakini aliimba akisaga ili nisijue. Anselmo, yeye amesoma. Anaandika barua bila kufuta. Nikimwambia kwamba nimempa kifua cha marehemu, ataona ameolewa kwenye nyumba ya mwanamke aliyechanganyikiwa. Usimwambie. Tafuta njia. Waandikie wazee kwamba unaumwa, mshumaa aubebe mwingine mwaka huu.

(Hapa mimi Hilario nilimwambia kwamba kumsingizia mtu ugonjwa ni dhambi ndogo. Akaniuliza kama mayai nimeyapenda.)

Mama yako
+


Kambi ya wachumaji, 5 Desemba 1999

Mama na Fidelia,

Barua hii ni ya kusomwa kwa sauti, yote. Fidelia, ndani yake hakuna hali ya hewa, kwa hiyo huna cha kuruka. Mama, karatasi ni moja na imeandikwa upande mmoja, ukitaka iguse uigeuze.

Wiki hii Tereso alinipa barua mbili, moja mkono wa kulia na moja wa kushoto, na kila moja aliambiwa anipe faraghani. Alicheka mpaka vitunguu vikamwagika. Nimezisoma nikiwa nimekaa kwenye mizani, na mizani ikaniambia nina kilo hamsini na saba, kwa hiyo wazo la kunenepa nililokuwa nalo kwa muda mfupi nimeliacha. Kwa maharage haya ningehitaji kuishi mpaka miaka tisini.

Kila mmoja wenu ameniambia jambo na kuniomba nisimwambie mwenzake. Simwambii mtu. Nimeahidi mara mbili. Lakini nataka mjue kwamba jambo lenyewe ni moja. Ni kipande kimoja, upana uleule, na kila mmoja amelala juu ya kosa hilo akimzuia mwenzake asilione. Mmoja kati yenu analiomboleza kosa ambalo hakulifanya.

Sitawaandikia wazee kwamba naumwa, maana siumwi. Mshumaa nautaka. Nikirudishwa nyuma na fataki nitarudi nyuma, lakini sitarudi nyuma kwa sababu wanawake wawili wanaopika kwenye moto mmoja waliona aibu.

Fidelia, ukifika hapa weka karatasi chini. Mama, sema wewe.

Anselmo

Uzi wenye fundo umo ndani.


Chuwajuyu, 12 Desemba 1999

Mwanangu Anselmo,

Anasema mama yako, anaandika Fidelia, kila neno.

Alisoma barua yako mpaka mwisho, akaweka karatasi chini kama ulivyosema. Tukakaa. Uji ukamwagika motoni na hakuna aliyeinuka. Siku tatu nilinyamaza, kwa sababu ya kiburi, na yeye hakuniuliza, kwa sababu ana adabu au kwa sababu ana kiburi chake. Leo nimemwambia alete kalamu. Nikaona kukwambia wewe naweza, na yeye akiwa ndiye mkono unaoandika, atakuwa amesikia.

Andika. Hesabu niliyompa mkeo ilikuwa ya baba yako.

Umeandika? Ameandika.

Andika tena kwamba hakupoteza uzi hata mmoja. Mia mbili thelathini na mbili, nilipanda darini jana alipokwenda kuteka maji nikazihesabu zote. Aliifuata hesabu yangu kama alivyoambiwa. Mpumbavu ni aliyefunga mfuniko wa sanduku.

Andika hilo la mpumbavu. Ameacha kuandika. Andika. Ameandika.

Na kile kipande asikifumue. Ni changu. Nimekiweka sandukuni upande wangu.

Sasa mwache aandike mwenyewe, maana analowesha karatasi na mimi nina kazi darini.

+

Anselmo,

Ni mimi. Nililia, haina maana kuficha, doa hapo juu si la uji. Nilimwambia Mama kwamba mimi nilidhani nimepotea kwa kukuwaza. Akasema, "Mimi pia nilipotea kwa kumuwaza mtu. Tofauti ni kwamba wako anarudi." Halafu akapanda darini, nikasikia vumbi likipigwa, akashuka na vijiti vyake.

Alikuwa ameshapiga hesabu ya siku kabla yangu. Siku arobaini, vipande viwili, mikono minne. "Wewe shika cha kulia," akasema, "mimi cha kushoto." Nikamwambia Mama, sharti ni shati la mke. Bibi Bartola atajua mikono miwili kabla gumba halijafika kitovuni, mimi nakaza na wewe unalegeza. Akasema, "Bartola niachie mimi." Nikamuuliza utamwambia nini. Akasema hajui bado, lakini amemfahamu Bartola miaka arobaini na kwenye miaka arobaini hakosi kupata kitu.

Tumepima uzi wako: jozi mia moja na tisini na sita. Nilihesabu mimi, akahesabu yeye, tukabadilishana tukahesabu tena. Sikukuwaza hata kidogo, nisamehe, nilikuwaza baadaye. Mitambo yote miwili imefungwa kwenye nguzo ileile, tumekaa bega kwa bega, na yeye akivuta mgongo nguzo inasogea na uzi wangu unalegea, tunagombana, tunacheka, tunaendelea. Mkanda wa kiunoni haumtoshi tena. Ameongeza kamba. Ameniambia nikiandika hilo atanirudisha Pakaqix, kwa hiyo nimeliandika dogo.

Mimi nina hakika, Anselmo. Siwezi kukuambia gumba la Bibi Bartola litasema nini, lakini njoo tarehe kumi na tisa. Utakuta shati.

Fidelia wako


Chuwajuyu, 30 Januari 2000

Mume wangu mpenzi,

Siku tano tangu uondoke tena na godoro bado lina umbo lako. Nimekataa kulikung'uta.

Nakuandikia yale ambayo hukuyaona, kwa sababu wewe ulikuwa umesimama mlangoni mwa kanisa na mshumaa mkononi, ukitazama mbele kama ulivyoagizwa, na sisi wanawake tulikuwa pembeni. Gumba ulilisikia. Ulichosikia baadaye ni "apite", nawe ukapita, na mimi nikakutazama mgongo na kusema moyoni huyo pale mbele na mshumaa ni wangu. Lakini katikati ya gumba na "apite" kulikuwa na maneno, yalisemwa chini sana, nami nilikuwa karibu.

Bibi Bartola alifika katikati ya mshono akasimama. "Marcela. Hapa pana mikono miwili."

"Ipo," akasema Mama.

"Sharti ni shati la mke."

"Mke yumo. Nusu nzima."

"Basi mumewe atembee nusu mbele, nusu nyuma na fataki." Wanawake waliokuwa karibu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika ushungi wangu kwa meno.

Mama akamsogelea, akamtengeneza mkufu shingoni kama dada, akanong'ona. "Bartola, mwaka ule wa kwanza wewe umeolewa, mume wako alitembea mbele na shati alilolifuma mama yako peke yake, tangu kola mpaka pindo. Wewe ulikuwa hujui hata kufunga mtambo. Mimi nilikuwa nyuma yako nikaliona, na mpaka leo sijasema. Nianze leo?"

Gumba likaondoka kifuani mwako kama lililoguswa na moto. Ndipo akasema apite. Mchana akatuletea sahani mbili za nyama ya mchuzi mwekundu, akasema shati limekukaa vizuri mabegani. Mama akamwambia mchuzi wake nao umekaa vizuri, siku hizi.

Basi, hakuna anayeniita mgeni wa nyumba. Nimepita sokoni mara mbili na blauzi yangu ya Pakaqix, na wameniita Fidelia wa Marcela.

Lakini hilo silo lililonifanya nichukue kalamu leo. Asubuhi tulikwenda ziwani kufua. Shati lako lilikuwa juu ya beseni langu, na wale wawili, mke wa Tereso na binti wa Hilario, wakaliona wakalitandaza juu ya jiwe. Unajua jinsi lilivyo. Ukilitandaza mchana kweupe halifichi kitu. Kushoto ni laini, mistari inapepesuka kidogo pale Mama alipoumwa na mgongo. Kulia pamekaza, mistari imenyooka, ukipiga kwa ukucha panalia.

Mke wa Tereso akapitisha kiganja kulia akasema, "Hapa pamefumwa kweli. Hii ni kazi ya nani kati yenu?"

Nikafungua mdomo.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye sabuni. "Hiyo ni yangu," akasema. "Cha kushoto ni cha msichana. Bado anajifunza, lakini si mbaya."

Wakamsifu. Wakasema kumbe miaka sita haijamwondolea mkono. Akazipokea sifa moja moja, akisuuza, akitikisa kichwa kwa unyenyekevu, na mimi nimechuchumaa karibu yake na maji yananifika magotini. Hakunitazama hata mara moja. Nikainamia soksi zako nikazisugua mpaka zikawa safi kuliko zilivyonunuliwa, maana ningenyanyua uso wangeona kicheko.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, beseni kichwani, aliniambia bila kugeuka, "Kesho utanionyesha unavyopiga ule uzi."

Nikamwambia, "Ndiyo, Mama."

Mkeo,
Fidelia